Mzungu Si Mmoja: Waingereza Walivyowatazama Wamarekani Waliokaa Kati Yao

Wewe uliyekosa kusikia redio, au uliyesikia ukataka kurudia polepole, haya ndiyo maneno yenyewe yamepigwa chapa. Soma sentensi moja moja. Ukichoka, pumzika kidogo, kisha endelea.

Somo la leo limetokana na swali. Jioni moja, katika darasa la watu wazima hapa Mwisenge, mama mmoja aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, Wazungu waliokaa kwetu zamani, wa serikali na wa misheni, si walikuwa watu wamoja? Mbona bibi yangu alikuwa akisema, huyu ni Mwingereza, yule ni Mmarekani?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana bibi yule aliona jambo ambalo wengi hatukuliona. Waingereza na Wamarekani walikaa pamoja katika nchi yetu, wakasema lugha moja, wakanywa chai meza moja. Lakini Mwingereza hakumtazama Mmarekani kama mtu wa nyumbani kwake. Alimtazama kwa jicho la pembeni. Na jicho hilo la pembeni, kama utakavyoona, lina sehemu yake katika habari za uhuru wetu.

NDUGU WALIOGAWANA NYUMBA

Kwanza tujue asili yao. Zamani sehemu kubwa ya Marekani ya mashariki ilitawaliwa na mfalme wa Uingereza. Mwaka 1776 watu wa huko walitangaza kwamba hawamtaki tena. Wakapigana, na mwaka 1783 Uingereza ikakubali kwamba Marekani ni nchi huru. Wakapigana tena mwaka 1812. Baadaye wakapatana, wakafanya biashara, wakaoana.

Wewe unajua mambo ya ukoo. Mdogo mtu akigombana na kaka yake akahama, akajenga mji wake, akatajirika, je, kaka humtazamaje? Hufurahi kwamba damu yake imefanikiwa. Lakini pia huona uchungu, na husema, "Huyu mtoto ana majivuno." Basi hivyo ndivyo Mwingereza alivyomwona Mmarekani: ni ndugu, ila amesahau adabu, ana fedha, ila anasema kwa sauti kubwa, ni rafiki, ila hajulikani kesho atasema nini juu ya mfalme.

NGUO YA MERIKANI

Katika pwani yetu Wamarekani walianza kujulikana kwa nguo. Mwaka 1833 mjumbe wao, Edmund Roberts, alifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja. Mwaka 1837 balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem, alifika Unguja. Meli za Salem zilileta nguo nzito ya pamba, zikachukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Watu wakaiita nguo ile "merikani". Jina hilo babu zetu walilijua hata bara, kwa sababu wapagazi walilipwa kwa nguo, na wenye misafara walilipa hongo kwa nguo.

Balozi wa Uingereza, Atkins Hamerton, alifika Unguja mwaka 1841, akamkuta Waters ameshakaa miaka minne. Hakupendezwa. Alilalamika kwamba Mmarekani yule, pamoja na Jairam Shivji, mkuu wa forodha ya Unguja, wameishika biashara yote mikononi mwao. Tazama basi: katika mji mmoja, Wazungu wawili wa lugha moja wanaoneana wivu mbele ya Sayyid, na Sayyid anawatazama wote wawili na kupima faida yake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea Marekani, kuanzia 1861 mpaka 1865, pamba ya Marekani ilipungua sana. Nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikapata nafasi. Lakini jina la merikani likabaki.

WAMAREKANI WAFIKA MARA

Sasa tuje nyumbani. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Uingereza ilipewa Tanganyika kuitawala kwa udhamini. Haikuwa mali yake kabisa. Ilipaswa kutoa hesabu mbele ya mataifa. Likumbuke neno hili, tutalirudia.

Mwaka 1934 Wamennonite wa Marekani, kutoka jimbo la Pennsylvania, walifika Tanganyika, wakafungua misheni Shirati, karibu na ziwa na mpaka wa Kenya. Baadaye walijenga pia Bukiroba, karibu na Musoma, na mahali pengine. Mwaka huo huo wa 1934 mtoto mmoja wa Kizanaki alitoka Butiama, mwendo wa kilomita karibu 40, akaanza shule hapa Mwisenge. Jina lake Julius Kambarage Nyerere. Shule ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na misheni ile ilikuwa ya Wamarekani. Mtoto wa Mara aliweza kuona namna mbili za Uzungu katika wilaya moja.

Mwaka 1946 wakaja Wamarekani wengine, Mapadre wa Maryknoll wa kanisa Katoliki. Walipokea kazi ya Musoma kwa Mapadre Weupe, ambao walikuwa wametangulia miaka mingi. Mapadre wa Maryknoll walifungua pia chuo cha kuwafundisha wageni Kiswahili pale Makoko, hapa hapa Musoma.

Je, serikali ya Kiingereza iliwatazamaje wageni hawa? Kwa macho mawili. Jicho la kwanza liliona faida. Serikali haikuwa na fedha za kutosha za shule na hospitali, na Mmarekani alikuja na fedha zake, waganga wake na walimu wake. Jicho la pili liliona hatari. Mmarekani hakuwa raia wa mfalme. Alikuwa akiandika barua kwao, na watu wa kwao walikuwa wakisoma habari za makoloni. Tena walikuwepo wakubwa waliokumbuka mambo ya Nyasaland, nchi ambayo sasa inaitwa Malawi. Huko mchungaji John Chilembwe, aliyekuwa amesoma Marekani, aliongoza maasi mwaka 1915. Toka hapo serikali za Kiingereza katika Afrika ziliogopa mafundisho yatokayo Marekani, na zaidi ya yote ziliwaogopa Wamarekani weusi, hata wamisionari wao wakapata taabu kuruhusiwa kuingia. Mmarekani mweupe alipewa kiti. Mmarekani mweusi alifungiwa mlango.

NYANI HAONI KUNDULE

Labda utafikiri Mwingereza alikuwa hivyo Afrika tu. Hapana. Tumtazame nyumbani kwake.

Katika Vita Kuu ya pili, kuanzia 1942, askari wa Marekani walipelekwa Uingereza kwa wingi. Katikati ya mwaka 1944 walikuwa zaidi ya milioni moja na nusu. Waingereza walikuwa wamechoka. Mabomu yalikuwa yamebomoa miji yao, na tangu mwaka 1940 chakula kiligawiwa kwa kipimo: sukari kidogo, siagi kidogo, nyama kidogo. Mara anakuja kijana wa Kimarekani, amevaa vizuri, mshahara wake unazidi wa askari wa Kiingereza mara kadhaa, mfukoni ana sigara na peremende. Watoto walimfuata wakicheka. Wasichana walimpenda. Vijana wa Kiingereza walinung'unika. Wakubwa wa jeshi la Marekani walilijua jambo hilo, hata wakawapa askari wao kitabu kidogo cha kuwaonya: usijivune, usioneshe fedha zako, usimseme mfalme vibaya.

Kati ya askari hao walikuwemo Wamarekani weusi. Jeshi lao wenyewe liliwatenga: kambi mbali, chakula mbali, starehe mbali. Waingereza wengi walichukizwa na ubaguzi huo. Katika kijiji cha Bamber Bridge, mwezi wa Juni 1943, palitokea mapigano ya bunduki kati ya askari weusi na polisi wa jeshi la Marekani, na askari mweusi mmoja akauawa. Wenyeji wa kijiji walikuwa upande wa weusi.

Walifanya vema. Lakini wakati ule ule hapa Tanganyika, chini ya bendera ya Uingereza, watoto wa Kizungu walikuwa na shule zao, wa Kihindi zao, wa Kiafrika zao. Hospitali vilevile. Wazee walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenzake. Ni rahisi kuona ubaya ulioletwa na mgeni. Ni vigumu kuuona ubaya uliokaa na wewe nyumbani siku zote.

VITA VYA PANZI, FURAHA YA KUNGURU

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Mwezi wa Agosti 1941, Rais Roosevelt wa Marekani na Waziri Mkuu Churchill wa Uingereza walitoa tangazo pamoja. Walisema kwamba watu wote wana haki ya kuchagua serikali yao. Mwezi uliofuata Churchill aliliambia Bunge kwamba wao walifikiri hasa mataifa ya Ulaya yaliyotekwa na Wajerumani. Mwaka 1942 Roosevelt akasema kwamba tangazo lile ni la dunia nzima. Maneno ni yale yale, lakini ndugu wawili wameyasoma kwa namna mbili.

Baada ya vita, Tanganyika iliwekwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1954, muda mfupi baada ya TANU kuanzishwa tarehe 7 Julai, wajumbe wa baraza hilo walikuja kuitazama nchi. Mmoja wao alikuwa Mmarekani, Mason Sears. Alisikiliza maneno ya Waafrika. Taarifa ya wajumbe ilisema kwamba Tanganyika inaweza kujitawala katika miaka 20 au 25, pengine mapema zaidi. Serikali ya Uingereza, pamoja na Gavana Twining, ilikasirika sana. Hata serikali ya Marekani haikumwunga mkono Sears katika jambo la kupanga miaka, maana haikutaka kumwudhi ndugu yake.

Mwezi wa Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kusema mbele ya baraza. Marekani ilimpa ruhusa ya kuingia, lakini kwa masharti: asitoke mitaa iliyo karibu na jengo la Umoja wa Mataifa, na akimaliza kusema aondoke upesi. Alisema tarehe 7 Machi, kwa upole na kwa akili, na watu wakamsikia. Aliporudi aliacha kazi ya ualimu Pugu, akaja kwao Musoma. Miezi ile alikaa akifanya kazi na Mapadre wa Maryknoll, akimfundisha Kizanaki padre wa Kimarekani, Arthur Wille. Na alipokwenda New York mara ya pili, mwishoni mwa 1956, Maryknoll walimpokea.

Basi pima mwenyewe. Serikali ya Marekani ilimfungia Nyerere katika mitaa michache. Wamarekani wa Musoma walimfungulia mlango. Kwa hiyo si kwamba Mwingereza ni Mwingereza na Mmarekani ni Mmarekani, basi imekwisha. Hata Wamarekani wenyewe walikuwa wawili: mkubwa wa ofisini, aliyechunga urafiki wa mataifa, na jirani wa Musoma, aliyemjua mtu kwa sura na kwa jina.

Wazee husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Nyerere hakuwagombanisha Waingereza na Wamarekani. Lakini alijua kwamba kati yao pana ufa, na katika ufa ule mtu mwenye haki yake aweza kupitisha neno. Tanganyika haikungoja miaka 20. Ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka ule ule vijana wa Peace Corps, wapima ardhi na mainjinia wa Kimarekani, walifika kutusaidia njia na barabara, na maofisa wa Kiingereza walikuwa bado wako ofisini. Ndugu wale wawili wakakutana tena katika nchi yetu, safari hii wote wakiwa wageni.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, labda utauliza, mambo haya yananifaa nini mimi mkulima, au mimi mvuvi? Yanakufaa hivi. Mwisenge yetu ni mahali pa watu wengi. Wako Wakwaya, Wajita, Wazanaki, Wakurya, Wajaluo, na wengine waliotoka mbali. Mgeni akija, sisi nasi humtazama kwa macho mawili: tunataka faida yake, tunaogopa desturi yake. Kabla hujasema "watu wa kabila fulani ni hivi", kumbuka yule bibi aliyejua kutenganisha Mzungu na Mzungu. Muulize mgeni jina lake. Tazama kazi yake. Kisha ndipo useme.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini nguo ya pamba iliitwa merikani?
2. Taja misheni mbili za Wamarekani zilizofika Mara, na mwaka wa kila moja.
3. Waingereza waliona faida gani kwa Wamarekani? Waliogopa nini?
4. Kwa nini Waingereza wa Bamber Bridge walikuwa upande wa askari weusi? Je, Tanganyika ya wakati ule ilikuwa bila ubaguzi?
5. Katika mtaa wako kuna wageni? Eleza kwa sentensi tatu jinsi wenyeji wanavyowatazama. Wewe unaona ni haki?

MANENO YA KUJIFUNZA

Udhamini: kutunza kitu cha mwingine na kutoa hesabu yake.
Forodha: mahali pa kutoza kodi ya bidhaa zinazoingia au kutoka.
Sandarusi: utomvu mgumu wa mti, hutumika kutengeneza vanishi.
Hongo: katika habari za misafara, ni malipo aliyopewa mtawala ili wasafiri wapite katika nchi yake.
Ufa: mwanya mwembamba katika ukuta au kati ya watu.