Ukuta wa Ubongo na Degedege la Rufiji

Leo tuitazame historia ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho kichwani wala hajapata kukiona, nacho ni ukuta unaotenga damu na ubongo. Tutaanzia delta ya Rufiji na Kibiti, maana huko ukuta huo ukiharibika kwa mtoto watu wana jina la jambo hilo: degedege.

Wazee wa pwani walisema ni ndege apitaye usiku juu ya nyumba, na kivuli chake kikimwangukia mtoto, humshika. Mtoto aliyekuwa akicheza jana, leo macho yamegeuka, mikono na miguu yatikisika, akiitwa haitikii. Mimi siwacheki wazee hao. Waliona kwamba kitu kimefika kichwani kwa ghafula, na hapo hawakukosea.

Huko Ulaya nako wakati huo hawakujua mengi zaidi. Mwaka 1885 daktari wa Kijerumani, Paul Ehrlich, aliwatia wanyama rangi katika damu. Alipowapasua alikuta maini, figo na nyama zote zimeshika rangi, lakini ubongo haukushika. Yeye alidhani kwamba ubongo hauipendi rangi ile, basi. Ndipo mwaka 1913 Edwin Goldmann alipofanya kinyume chake: aliitia rangi katika maji yanayouzunguka ubongo. Safari hii ubongo ulikuwa buluu, na mwili uliobaki haukupata rangi. Basi ubongo waweza kushika rangi; kilichoizuia ni mpaka uliopo katikati.

Mpaka wenyewe ulionekana vizuri mwaka 1967, pale Thomas Reese na Morris Karnovsky walipotumia hadubini ya elektroni huko Marekani. Wewe uliyemwona fundi akikalafati jahazi utaelewa mara moja. Mishipa myembamba ya damu imejengwa kwa chembe zilizopangwa kama mbao. Katika sehemu nyingi za mwili mbao hizo zina nafasi, na maji ya damu hupenya. Katika ubongo zimebanwa na kukalafatiwa, hata kitu kisipite kati yake ila kwa shida.

Lakini ubongo unahitaji chakula, nacho ni sukari hasa. Yapita wapi? Kumbukeni pantoni ya Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Mto haukumzuia msafiri, ulimtaka avushwe. Vivyo hivyo ukuta huu una wavushaji wake, wanaoichukua sukari upande wa damu na kuishusha upande wa ubongo. Sukari ikipungua sana katika damu, chombo chavuka kitupu, na hilo peke yake laweza kumtia mtoto kifafa. Kwa hiyo mtoto wa degedege hupimwa sukari pamoja na malaria.

Sasa, wako vimelea wanaouvuka ukuta huo wenyewe. Wa malale ndio mfano. Watu wa Liwale walihamishwa makwao na serikali ya Kiingereza miaka ya 1940 kwa ajili ya ugonjwa huo. Vimelea hao huanza katika damu, kisha huingia ubongoni, na wakiisha kuingia, dawa ya suramini haiwafuati, kwa kuwa haipiti ukutani. Dawa ya melasopro, iliyotokea mwaka 1949, ilipita. Lakini ina zarniki ndani yake, na kiasi cha mgonjwa mmoja katika ishirini iliwaua yenyewe.

Ungedhani kimelea wa malaria hufanya vile vile. Hafanyi. Hata katika malaria ya ubongo yeye haingii ubongoni. Hubaki ndani ya chembe nyekundu ya damu. Chembe hiyo huota vinundu vinavyonata, nayo hujigandisha kwenye kuta za mishipa myembamba. Zikigandamana nyingi njia huziba, chembe za ukuta huumia, kalafati hutoka, na maji ya damu huvuja. Ubongo huvimba, na fuvu ni gumu, halina pa kutanukia. Mwaka 2015 madaktari wa Blantyre, Malawi, walitangaza kwamba wengi wa watoto waliokufa kwa malaria ya ubongo hospitalini kwao walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo. Waliopona, mara nyingi uvimbe wao ulikuwa umepungua siku chache tu baadaye.

Nifike pale panaponikera. Ilisemwa pwani nzima kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Nao wenye elimu wakawajibu akina mama: nyinyi mwawaua kwa kukimbilia waganga. Basi sikilizeni. Kati ya mwaka 1999 na 2001, watafiti waliokuwa wakiandikisha vizazi na vifo wilayani Rufiji waliwauliza jamaa za watu waliokufa kwa malaria walitafuta tiba wapi. Sehemu kubwa walikuwa wameanza na tiba ya kisasa. Wakati huo klorokwini ilikuwa imekwisha kuchoka mbele ya malaria, hata serikali ikaiacha mwaka 2001. Mama alikuwa ametoa dawa aliyoambiwa, na homa ikaendelea. Sindano ilipokuja, mara nyingi ilikuja ukuta umekwisha kuvuja. Mtoto akafa, lawama ikaiangukia sindano.

Sindano ya siku hizi ni atesuneti. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2010, ya watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo hospitali za Muheza na Korogwe, kwinini ilipoteza watoto karibu 11 katika kila 100. Atesuneti 8 na nusu. Huua vimelea wangali wachanga, kabla chembe hazijaanza kunata.

Wewe wa visiwani deltani utaniuliza: maji yamekupwa, mashua imekaa matopeni, na Nyamisati ni mbali, sembuse Kibiti, nifanye nini? Mlaze mtoto ubavu, usimtie kijiko wala kitu kingine kinywani. Ipo pia atesuneti ya kutiwa njia ya haja kubwa, kwa watoto wasiotimiza miaka 6, apewayo mtoto asiyeweza kumeza wakati sindano iko mbali. Muulize mganga wa zahanati yenu kama anayo, na muulize leo, mtoto angali akicheza. Dawa hiyo haimalizi tiba: maji yakijaa, safari ni ile ile.