Mtega Kitendawili na Mtegewa: Habari za Mitihani ya Akili katika Bukavu

Katika mji wa Bukavu, uliojengwa juu ya rasi tano zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu na juu ya vilima vinavyozitazama rasi hizo, wasomi ni wengi na kazi za mshahara ni akali. Na kwa sababu hiyo kijana aliyehitimu masomo ya informatiki aghalabu hupeleka maombi yake kwa waajiri wa mbali, walio Kigali, Nairobi, Ulaya au Marekani, ambao hawatauona wajihi wake ila katika kioo cha kompyuta. Waajiri hao, kabla ya kutaja ujira, humtegea swali. Humpa, kwa mfano, orodha ya namba 1,000, wakamwuliza ni zipi mbili ambazo jumla yake ni 500. Asiye na mazoea atailinganisha kila namba na nyingine zote, na bahati ikimkataa atafanya milinganisho 499,500 kabla hajafika mwisho. Mwenye mazoea ataipita orodha mara moja tu, akiweka katika daftari la kumbukumbu kila namba aliyokwisha kuiona, na kila afikapo kwenye namba mpya akiliuliza daftari kama mwenziwe amekwisha kupita. Muda aliopewa aghalabu hauzidi saa moja, na mtahini hukaa akimsikiliza.

Wazee wengi wa mji huidhani desturi hii kuwa jambo geni lililoletwa na mashine. Mimi naiona kuwa tawi jipya la mti mkongwe, kwa maana kutahini akili kwa fumbo ni jambo lenye tarehe ndefu katika nchi hizi za maziwa, na kilichobadilika zama kwa zama si ugumu wa mafumbo bali ni mtegaji wake: alikuwa nani, alitaka kujua nini, na baada ya kumshinda mtegewa alimfanyia nini.

Ithibati kongwe kabisa ya hesabu katika pande hizi ilifukuliwa mwaka 1950 huko Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa linaloitwa Edward, katika jimbo la Kivu ambalo wakati ule makao yake makuu yalikuwa Bukavu hii hii, ikijulikana kwa jina la Costermansville. Mbelgiji Jean de Heinzelin alipata hapo mfupa mdogo wa urefu wa sentimita kama 10, wenye kipande cha jiwe kilichopachikwa nchani na mikato iliyopangwa katika safu tatu. Safu mbili zina jumla ya 60 kila moja, na ya tatu ina 48. Katika safu moja makundi ya mikato ni 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba zote zisizogawanyika zilizo kati ya 10 na 20. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka kama 20,000. Wataalamu wamegombana juu ya maana yake: wengine wamesema ni mchezo wa hesabu, wengine wamesema ni kalenda ya mwezi, na mfupa wenyewe umekaa Brussels, mbali na watoto wa Kivu ambao wangelipaswa kuwa wa kwanza kuushika. Aliyeukata mfupa ule alituachia swali na hakutuachia jibu; lakini hakuna awezaye kumshutumu, kwa kuwa hakutukusudia sisi.

Watu waliokusudiana ni wale wa vitendawili. Katika mabaraza ya pwani, na katika nyumba za bara ambamo Kiswahili kiliingia pamoja na misafara na baadaye pamoja na shule, kitendawili kilikuwa na sheria zake, nazo zilikuwa sheria za insafu. Mtegaji hupaza sauti, wasikilizaji humruhusu atege, na wakishindwa humpa mji, akautawala kwa maneno kitambo kidogo. Kisha, na hapa ndipo ulipo uungwana wa desturi hiyo, hulazimika kulifumbua jibu mbele ya wote. Aliyeshindwa usiku wa leo hurudi kwao ana mali aliyokuwa hana, na usiku wa kesho huweza kuwa yeye mtegaji katika nyumba nyingine. Hapakuwa na mtu aliyezaliwa kuwa mtahini daima wala mtu aliyezaliwa kuwa mtahiniwa daima.

Mafumbo mengine ya wakati huo yalikuwa ni yale yale yanayoulizwa leo na makampuni, ila yalivaa mavazi mengine. Mashuhuri kati yake ni fumbo la mtu aliyetakiwa kuvuka maji na chui, mbuzi na majani, katika mashua isiyoweza kumchukua ila yeye na kimoja tu katika hivyo vitatu, ilhali chui akiachwa na mbuzi atamla, na mbuzi akiachwa na majani atayamaliza. Fumbo hili na ndugu zake husimuliwa katika nchi nyingi za Afrika, na katika Ulaya lilikwisha kuandikwa tangu zama za mwanachuoni Alcuin, aliyefariki mwaka 804. Mvukaji hutangulia na mbuzi, hurudi mtupu, huchukua chui, humrudisha mbuzi, hupeleka majani, hurudi mtupu tena, na safari ya saba humvusha mbuzi kwa mara ya mwisho. Siri yote imo katika kukubali kurudi nyuma na kitu kilichokwisha kuvushwa, na mwenye kuifahamu siri hiyo amekwisha kuonja kanuni ya kuichunguza kila hali inayowezekana na kuikataa kila iliyo haramu, ambayo ni nusu ya elimu ya algorithimu, yaani kanuni za kulifumbua swali hatua kwa hatua. Kadhalika huko Kasai, mwanzoni mwa karne ya ishirini, mtafiti Emil Torday aliwakuta watoto wa Wabushongo wakichora mchangani mapambo ya mistari mingi bila kuinua kidole na bila kuupita mstari mmoja mara mbili. Swali hilo ndilo alilolifumbua mwanahesabu Leonhard Euler mwaka 1736 juu ya madaraja saba ya Königsberg: mchoro hukubali kupitwa hivyo ikiwa sehemu zake zimeungana, na ikiwa njia panda zenye idadi witiri ya mistari ni mbili au hakuna hata moja.

Ukaja utawala wa Kibelgiji, na pamoja nao mtegaji wa namna nyingine. Mwaka 1938 Mwingereza John Raven alikuwa ametoa mtihani wa michoro isiyokamilika, ambamo mtahiniwa huchagua kipande kinachojaza pengo. Na katika miaka ya 1950 mitihani ya jinsi hiyo ilienezwa katika Kongo na wataalamu waliotaka kupima na kupanga watu kabla ya kuwapa kazi na mafunzo. Zama zile zile, huko Lwiro kaskazini ya Bukavu, yalikuwa yakisimama majengo mazuri ya IRSAC, taasisi ya uchunguzi iliyoanzishwa mwaka 1947, ambayo mpaka leo ni fahari ya jimbo. Hata hivyo kwa Mwafrika wa kawaida elimu ya kizungu ilikuwa ni jicho linalomtazama kuliko mkono unaomfundisha. Karatasi za mtihani zilikusanywa, zikahesabiwa, zikafungiwa. Mtegewa hakuambiwa jibu. Mtegaji aliandika hukumu, na wako waliodiriki kutoka katika hukumu ya karatasi chache wakatoa hukumu juu ya akili za watu weusi wote, hata wa vijiji ambavyo picha iliyopigwa chapa haijapata kuingia.

Hata hivyo ni katika kundi hilo hilo la wapimaji ulikotoka ushahidi ulioivunja hoja yao. Mwanasaikolojia André Ombredane na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1956, waliwapa watu wa Asalampasu wa Kasai mtihani ule ule wa michoro zaidi ya mara moja. Na alama zao zilipanda kwa kule kurudiwa tu. Akili za watu wale hazikuongezeka baina ya safari moja na nyingine. Kilichoongezeka ni mazoea ya mchezo. Natamani kila mwajiri wa leo angelijua jambo hili, kwa kuwa ndani yake imo habari yote ya mitihani ya kazi.

Baada ya uhuru dola ilijaribu kusawazisha mizani. Bukavu ilipata chuo cha ualimu, ISP, mwaka 1961. Mwaka 1967 ukawekwa Mtihani wa Taifa, ambao Wakongomani wote huuita Exetat. Na Chuo Kikuu cha Kikatoliki kikafuata mwaka 1989. Mtihani wa Taifa una aibu zake, na hakuna mzazi wa Bukavu asiyezijua, lakini ulikuwa na wema mmoja ambao haufai kudharauliwa: mtoto wa Kadutu hapa Bukavu na mtoto wa waziri huko Kinshasa waliwekewa kipimo kimoja. Na furaha ya matokeo, vijana wakimwagiana unga na poda vichwani na kuimba njiani, ni furaha ya umma, ambayo mtihani wa faraghani wa kampuni hauwezi kuizaa.

Mtihani huo wa kampuni una nasaba yake katika Marekani. Thomas Edison alikuwa maarufu mwaka 1921 kwa orodha ndefu ya maswali aliyowapa waombaji kazi. Katika miaka ya 1950 IBM ilitumia mtihani wa kupima vipaji vya watunga programu, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa mpya na hapakuwa na mwenye cheti. Kisha Microsoft ikashika tabia ya kuuliza mafumbo, kama vile kwa nini mifuniko ya mashimo ya barabarani huwa ya duara. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa mambo ya watumishi katika Google, alikiri hadharani kwamba mafumbo ya namna hiyo hayakuwasaidia kumtambua mtumishi bora. Yakabaki maswali ya algorithimu, nayo yakawa biashara: Gayle Laakmann McDowell alitoa mwaka 2008 kitabu cha kuwaandaa waombaji, na yakafuata maghala ya maswali kama LeetCode na HackerRank.

Hapa pana jambo linalostahili kuzingatiwa kwa utulivu. Mtaalamu wa kompyuta Edsger Dijkstra aliiwaza kanuni yake ya njia fupi mwaka 1956, akiwa ameketi mkahawani Amsterdam, kwa muda wa dakika kama 20. Lakini alikuwa Dijkstra, tena hakuwa na mtu wa kumhukumu. Kutafuta jina katika orodha iliyopangwa kwa kuigawa nusu kwa nusu ni kanuni nyepesi kuisimulia, na hutosha kutazama mara 20 ili kumpata mtu mmoja katika milioni. Lakini ilitajwa hadharani mwaka 1946, na kwa ushahidi wa mwanachuoni wa algorithimu Donald Knuth ulipita muda hadi mwaka 1960 ndipo ikachapishwa kwa umbo lisilo na kasoro kwa orodha za kila urefu, na mwaka 2006 Joshua Bloch akafichua kwamba ile iliyokuwamo katika maktaba ya Java, aliyoiandika yeye mwenyewe, ilikuwa na kosa kwa miaka kama tisa. Basi anayeliandika jibu hilo sawasawa mbele ya mtahini, kwa dakika 45, aghalabu hakulizua, alilijua. Nami simlaumu kwa kulijua. Namlaumu mtahini anayesadiki kuwa amepima kipaji ilhali amepima wasaa aliokuwa nao mtu wa kujizoeza.

Na wasaa huo katika Bukavu una bei. Mto Ruzizi umezuiwa kwa mabwawa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini umeme hukatika mitaani. Intaneti hununuliwa kwa kipimo, na mwishoni mwa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali iliifunga katika nchi nzima kwa muda wa wiki tatu hivi. Mwezi Februari 2025 mji uliingiwa na wapiganaji waasi wa M23, benki zikafungwa, na uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza. Fauka ya hayo iko lugha: kijana aliyesema Kimashi kwa mama yake, Kiswahili sokoni na Kifaransa darasani, huhojiwa kwa Kiingereza, na anatakiwa afikiri kwa sauti katika lugha hiyo ya nne huku saa ikimtazama. Mwenziwe wa California amejizoeza miezi mingi katika chumba chenye taa. Alama zao zikitofautiana, hilo ni somo la Asalampasu linalorudiwa.

Dawa ninayoiona haiko ng'ambo peke yake. Nusu yake iko katika kuirudisha ile sheria ya baraza, kwamba mtegaji hufumbua na mtegewa hugeuka mtegaji. Na kwa kazi hiyo ubao na chaki hutosha, umeme uwepo au usiwepo. Wanafunzi watano wakikutana, mmoja akawa mtahini na wanne wakafumbua, kisha wakabadilishana, kila mmoja atakuwa amejizoeza mambo mawili ambayo kitabu hakiyafundishi, nayo ni kusema fikira zake zingali hazijakamilika na kusikiliza fikira za mwingine bila ya kumkatiza. Maswali nayo yatungwe hapa hapa. Ichorwe ramani ya mji: Bagira, Kadutu, Nyawera, Muhumba, Panzi, kila barabara iandikiwe dakika zake za kiangazi na dakika zake za masika, pale mvua inapoporomosha udongo na njia kufungwa, kisha iulizwe njia fupi kutoka Bagira hadi Panzi, na kesho yake iulizwe tena barabara moja ikiwa imekatika. Kanuni ni ile ile ya Dijkstra: anza ulipo, daima endelea na mahali pa karibu kuliko pote ambapo hujapahitimisha, na kila ukipata njia nzuri zaidi ya uliyoandika, futa uandike upya.

Ama waajiri, wao nawaomba kitu kimoja ambacho hakiwagharimu fedha. Wakimkataa mtu, wamtumie jibu la swali lao pamoja na mahali alipokosea, apate kulipeleka ubaoni kwa wenziwe wanne.