Nadharia ya kinetiki ya gesi

Nadharia ya kinetiki ya gesi hueleza tabia za gesi, kama vile shinikizo na halijoto, kwa kuangalia mwendo wa molekuli zake. Molekuli hizo hazitulii: huenda mbio kila upande, hugongana na kudunda bila jumla ya nishati yao kupungua.

Shinikizo hutokana na molekuli zinazogonga kuta za chombo. Ndiyo maana tairi la baiskeli hukaza linapojazwa upepo. Halijoto nayo huonyesha wastani wa nishati ya mwendo huo. Katika nyuzi 25 za selsiasi, molekuli ya nitrojeni hukimbia kwa wastani wa mita 475 hivi kwa sekunde, kupita kasi ya sauti hewani.

Mbona basi harufu huchelewa kuvuka chumba? Pingamizi la namna hiyo lilitolewa na Mholanzi Buys Ballot mwaka 1858. Mwaka huohuo Mjerumani Rudolf Clausius alijibu: molekuli hugongana mara nyingi mno, hivyo kila moja hubadili njia kabla haijafika mbali.

Wazo la msingi lilikuwa limetolewa na Daniel Bernoulli mwaka 1738. Mwaka 1860, James Clerk Maxwell alionyesha kihisabati jinsi kasi za molekuli zinavyotofautiana ndani ya gesi ileile.