KIXP: Jinsi kampuni hasimu zilivyokubali kubadilishana data nyumbani

MKAZI wa Nairobi aliyemtumia jirani yake barua pepe mwaka wa 2000 huenda hakujua kuwa ujumbe huo ulivuka bahari mara mbili kabla ya kufika nyumba ya pili.

Iwapo wawili hao walihudumiwa na kampuni tofauti za intaneti, data ilipaa hadi kwenye setilaiti iliyo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, ikashukia Ulaya au Marekani, kisha ikarejeshwa Kenya kwa njia hiyo hiyo. Kampuni zote mbili zililipia safari hiyo kwa fedha za kigeni, na mzigo ukamwangukia mteja.

Dawa ya tatizo hilo ni kituo cha pamoja cha kubadilishana data.

KINAVYOFANYA KAZI

Kiini cha kituo ni kifaa kiitwacho swichi. Kila kampuni huvuta waya hadi hapo kwa gharama yake, kisha ruta zake huzijulisha zile za wenzake anwani za wateja inaowahudumia. Tangu hapo, data ya humu nchini hubadilishwa humu humu.

Kwa kawaida wanachama hawatozani fedha kwa data wanayopokezana, maana kila upande hunufaika. Huchangia tu gharama za kukiendesha kituo. Ushindani wa bei na wa kuwania wateja huendelea kama kawaida. Hata hivyo, kituo hustawi zaidi kikisimamiwa na chombo kisichoegemea upande wowote, kwani ni vigumu mfanyabiashara kukabidhi data yake kwa mpinzani.

VUTA NIKUVUTE

Nchini Kenya, jukumu hilo lilitwaliwa na TESPOK, muungano wa kampuni za mawasiliano, uliofungua kituo cha KIXP jijini Nairobi mnamo Novemba 2000.

Furaha haikudumu. Shirika la Telkom Kenya, ambalo wakati huo lilikuwa na haki ya kipekee ya kusafirisha data ya kimataifa, lililalamika kuwa haki hiyo imekiukwa. Katika muda wa wiki mbili hivi, Tume ya Mawasiliano (CCK) ilitangaza kuwa kituo hakikuwa halali na kuamuru kifungwe.

Kampuni hizo zilijitetea kuwa data iliyopita hapo haikuwa ya kimataifa, bali ya Mkenya kwa Mkenya. Baada ya karibu mwaka mzima wa mashauriano, CCK ilitoa leseni Novemba 2001, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa upya kikiwa na kampuni tano.

MANUFAA

Utafiti wa shirika la Internet Society uliotolewa 2012 ulionyesha kuwa muda wa data ya humu nchini kufika ulikuwa umepungua kutoka milisekunde 200 hadi 600 na kuwa kati ya 2 na 10. Kampuni nazo ziliokoa takriban dola milioni 1.5 kwa mwaka.

Kufikia 2020, akiba hiyo ilikuwa imefika dola milioni 6 kwa mwaka. Aidha, sehemu ya data inayopatikana humu nchini ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70.

Hata hivyo, swichi pekee haitoshi. Tovuti ya Kenya ikihifadhiwa kwenye tarakilishi zilizo ng'ambo, msomaji wa Kisumu atalazimika kuifuata huko huko. Uzito wa jambo hili ulidhihirika Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilipopata hitilafu na kutatiza intaneti Afrika Mashariki. Nyaya za baharini zikikatika, huduma iliyohifadhiwa nyumbani na kupitia kituo cha nyumbani ina nafasi ya kuendelea. Iliyo ugenini hukatika nazo.