Kikosi Kilichoshinda Kwenye Karatasi: Ohio State 2015

Msimu wa futiboli ya vyuo vikuu Marekani ukiisha Januari, mashabiki wake hawapumziki hata wiki moja. Saa hiyo hiyo wanaanza kupanga: mwaka ujao nani atasimama wapi? Nani kwotabeki, nani mkimbiaji, nani atalinda upande wa kushoto? Ni ile tabia yetu ya kupanga kikosi cha FPL usiku wa Ijumaa, ila wao wanaianza miezi saba kabla ya mechi ya kwanza.

Leo nataka tuongee kuhusu mwaka ambao karibu kila mtu alikuwa na jibu, jibu lenyewe lilikuwa linaeleweka, na bado mambo yakaenda kombo. Ohio State, 2015. Mimi naona hiyo ndiyo stori bora zaidi ya kumfundisha mtu yeyote anayependa kutabiri vikosi. Na ukiangalia vizuri, inahusu pia vijana wa miaka ishirini na kitu wanaosubiri foleni wakiambiwa zamu yao inakuja.

Kwanza tuwekane sawa, kwa wale hawajawahi kutazama mchezo huu. Timu ikiwa inashambulia inaweka watu 11 uwanjani. Watano ni ukuta, wale majitu wa mbele ambao kazi yao ni kuzuia. Nyuma yao yuko kwotabeki, ndiye dereva: anapokea mpira, halafu anaamua aurushe, ampe mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Waliobaki ni wakimbiaji na wapokeaji. Shida ni moja tu, na uishike kwa sababu nitairudia: watu ni 11, lakini mpira ni mmoja.

Sasa turudi Agosti 2014. Ohio State ilikuwa na kwotabeki anaitwa Braxton Miller, mchezaji bora wa mashambulizi wa ligi yao ya Big Ten miaka miwili mfululizo, 2012 na 2013. Kikosi chote kilijengwa kumzunguka. Siku 12 kabla ya mechi ya kwanza, bega likaumia mazoezini. Msimu kwisha.

Akaingia J.T. Barrett, kijana ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya chuo. Mechi yake ya pili, nyumbani, wakapigwa na Virginia Tech 35 kwa 21. Watu wakasema basi, tukutane mwaka ujao. Lakini huyo mtoi akatulia. Kufikia mwisho wa Novemba alikuwa amerusha pasi 34 za tachidauni na kukimbia nyingine 11 mwenyewe. Kwenye kura za Heisman, ile tuzo ya mchezaji bora wa vyuo nchi nzima, alimaliza wa tano. Halafu Novemba 29, wakicheza na mahasimu wao Michigan, kifundo cha mguu kikavunjika.

Wueh. Sasa nani amebaki? Amebaki namba tatu. Cardale Jones.

Huyu Cardale alikuwa anajulikana kwa kitu kimoja tu. Mwaka 2012, akiwa mwanafunzi mpya, alienda Twitter akauliza kwa nini wanalazimishwa kuingia darasani ilhali walikuja chuo kucheza mpira. Nchi nzima ikamcheka. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua vile watu hukuangalia wakishaamua wewe na shule hamuelewani. Wanakuweka kwenye faili moja na kufunga kabati.

Mechi yake ya kwanza kuanza ilikuwa fainali ya Big Ten dhidi ya Wisconsin. Ikaisha 59 kwa 0. Halafu Januari 1, 2015, nusu fainali ya kitaifa, wakaipiga Alabama 42 kwa 35. Januari 12, Oregon 42 kwa 20. Mabingwa wa Marekani, na kwotabeki namba tatu, aliyeanza mechi tatu tu maishani mwake pale chuo. Kwenye mechi hizo tatu mkimbiaji wao, Ezekiel Elliott, alikata yadi 220, kisha 230, kisha 246. Hizo si namba za kawaida, buda.

Hapo sasa ndipo utabiri ukaanza.

Fikiria wewe ni shabiki wa Ohio State mapema 2015. Makwotabeki wote watatu wanarudi. Elliott anarudi. Michael Thomas, mpokeaji ambaye baadaye mwaka 2019 angeweka rekodi ya NFL kwa kudaka mipira 149 katika msimu mmoja, anarudi. Kwenye ukuta wanarudi wanne kati ya watano: Taylor Decker, Billy Price, Jacoby Boren na Pat Elflein. Halafu Julai, Braxton Miller anatangaza kwamba anaacha ukwotabeki anakuwa mpokeaji, hivyo hata ile kesi ya watu watatu kugombea kiti kimoja ikabaki ya wawili. Kwani ungetabiri nini? Agosti, waandishi 61 wanaopiga kura za AP waliiweka Ohio State namba moja, wote 61. Kabla ya hapo, hakuna timu iliyokuwa imewahi kupata kura zote za nafasi ya kwanza msimu ukiwa haujaanza.

Mechi ya kwanza ikaonekana kama watabiri wamesoma maandiko. Virginia Tech, wale wale waliowapiga mwaka uliopita, wakachapwa kwao 42 kwa 24. Braxton Miller alizunguka kama pia mbele ya mabeki na kukimbia yadi 53 hadi tachidauni. Kila mtu akasema hii timu haizuiliki.

Wiki mbili baadaye, nyumbani, dhidi ya Northern Illinois, walishinda 20 kwa 13 kwa jasho. Cardale alirusha pasi mbili mikononi mwa maadui, akatolewa katikati ya mechi. Kuanzia hapo ikawa ni kuvutana. Cardale anaanza, lakini wakikaribia mstari wa goli analetwa Barrett. Oktoba 24 Barrett akapewa usukani wote na wakaipiga Rutgers 49 kwa 7. Wiki moja baadaye Barrett akafungiwa mechi moja kwa kosa la nje ya uwanja, Cardale akarudi. Halafu Barrett tena.

Kisha Novemba 21, kwenye mvua, Michigan State. Ohio State ilikuwa imeshinda mechi 23 mfululizo. Siku hiyo mashambulizi yao yote, na vipaji vyote nilivyokutajia, yalipata yadi 132 pekee mechi nzima. Elliott, aliyekata zaidi ya yadi 200 kwenye zile mechi tatu za mwisho za msimu uliopita, alipewa mpira mara 12 tu akapata yadi 33. Walifungwa 17 kwa 14 kwa teke la yadi 41 saa ikiisha. Na hapa ndipo stori inauma: kwotabeki wa kwanza wa Michigan State, Connor Cook, hakucheza, alikuwa ameumia bega. Walishinda wakitumia wa akiba. Mabingwa waliobebwa na mtu wa benchi walivuliwa ubingwa na watu wa benchi.

Baada ya mechi Elliott alisema waziwazi mbele ya waandishi kwamba alistahili kupewa mpira zaidi. Watu wakamkasirikia, ati hana nidhamu. Lakini cheki kilichofuata. Wiki moja baadaye, wakicheza na Michigan, alipewa mpira mara 30. Akakata yadi 214 na wakashinda 42 kwa 13. Wachezaji ni wale wale na ukuta ni ule ule. Kilichobadilika ni nani alikuwa anapewa mpira, na mara ngapi.

Kwa hivyo watabiri walikosea wapi? Si kwa majina. Majina waliyapata karibu yote. Na vipaji havikuwa uongo: msimu ulipoisha, timu za NFL zilichukua wachezaji 12 wa Ohio State, watano wakiwa raundi ya kwanza, Elliott akiwa chaguo la nne na Decker la 16. Hata msimu wenyewe haukuwa wa aibu. Walishinda 12, wakapoteza moja, wakamaliza namba nne. Lakini mwaka 2014, na makwotabeki wawili waliojeruhiwa, walikuwa wanapata wastani wa pointi 44.8 kwa mechi. Mwaka 2015, na makwotabeki wakiwa wazima, 35.7. Unapungukiwa pointi tisa kwa mechi baada ya kuongeza vipaji? Hiyo hesabu inataka maelezo.

Mimi naona sababu tatu. Kwanza, watu walihesabu waliorudi, hawakuwahesabu walioondoka. Devin Smith, mpokeaji aliyekuwa anachomoka mbali nyuma ya mabeki, alikuwa ameenda NFL. Mtu kama huyo anaweza asiguse mpira mara nyingi, lakini mabeki wakimwogopa wanarudi nyuma, na Elliott anapata njia. Akiondoka, mabeki wanasogea mbele na njia inafungwa.

Pili, walipanga wachezaji wakasahau jikoni. Tom Herman, kocha aliyekuwa anapanga mashambulizi mwaka 2014, alipata kazi ya ukocha mkuu Houston. Mwaka huo huo wa 2015 Houston ikashinda mechi 13 na kupoteza moja. Ohio State iligawa kazi yake kwa makocha wawili, Ed Warinner na Tim Beck. Mpishi akihama, kuwa na nyama na viungo vile vile hakukuhakikishii pilau ile ile.

Tatu, na hii ndiyo kubwa kwangu: mwaka 2014 hakukuwa na swali. Braxton akiumia, ni Barrett. Barrett akiumia, ni Cardale. Kila mmoja aliingia akijua gari ni lake mpaka mwisho wa safari. Mwaka 2015 kila mmoja alikuwa anaendesha akiangalia kioo cha nyuma. Ukikosea pasi moja, mwenzako anaanza kupasha misuli moto pale kando. Kijana wa miaka 22 hawezi kucheza huru hivyo. Hata wewe kazini huwezi.

Na kuna bei iliyolipwa. Januari 2015, siku chache baada ya ubingwa, Cardale aliitisha mkutano na waandishi kwao Cleveland, katika shule yake ya zamani. Wengi walidhani anaenda NFL. Akasema anabaki kumaliza masomo, yule yule wa mwaka 2012. Alibaki, akapoteza nafasi, na mwaka 2016 alichaguliwa wa 139, raundi ya nne. Kumbuka kwamba wakati huo mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kulipwa hata kwa kutumia jina lake mwenyewe kwenye tangazo; ruhusa hiyo ilikuja Julai 2021. Uwanja unajaa zaidi ya watu laki moja, jezi zinauzwa, na mwenye mgongo haruhusiwi kuguswa na shilingi. Kusubiri foleni ni gharama, na aliyekuwa anailipa si kocha wala mtabiri. Digrii yake Cardale aliipata 2017, na kwenye kofia ya mahafali akaandika utani kuhusu ile tweet yake. Nampenda huyo jamaa.

Ukitaka kutabiri kikosi cha mashambulizi cha msimu ujao, cha chuo chochote, usianze na kwotabeki. Anza na ukuta. Halafu uliza nani ameondoka na alikuwa anamfungulia nani njia. Uliza nani anapanga mashambulizi. Mwisho uliza kama kila mtu anajua kazi yake, maana mpira bado ni mmoja. Siku hizi ongeza na kuhama: tangu 2021 mchezaji anaweza kubadili chuo na kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka mzima. Kikosi cha 2015 leo kisingefika Agosti kikiwa na makwotabeki wote hao. Wengine wangekuwa wamepakia virago kitambo.

Na nimekuwekea moja ya mwisho. Wakati nchi nzima inabishana Cardale au Barrett, pale mazoezini kulikuwa na kijana mpya wa mwaka wa kwanza, kwotabeki pia, ambaye hakuna aliyekuwa anajisumbua kumweka kwenye utabiri. Hakucheza hata mechi moja mwaka huo. Alikaa benchi miaka mitatu, akachukua digrii yake, na 2018 akahamia LSU. Mwaka 2019 alirusha pasi 60 za tachidauni, akashinda Heisman, na timu yake ikachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Anaitwa Joe Burrow.

Makwotabeki wawili kwenye mjadala, na aliyekuja kuwa mkubwa kuliko wote hakuwa kwenye orodha ya mtu. Sasa niambie: kwenye timu unayoshabikia, au hapo kazini kwenu, nani amekaa benchi saa hii na hakuna anayemhesabu?