Kistari cha Gavana na Mkataba wa Mwalimu

Julai 2023, Gavana Tony Evers wa jimbo la Wisconsin, Marekani, aliyewahi kuwa mwalimu, alikuwa na bajeti ya bunge mezani ikisubiri saini yake. Kifungu kimoja kiliziruhusu wilaya za shule kuongeza mapato yao kwa dola 325 kwa kila mwanafunzi katika mwaka wa masomo 2023–24, na tena 2024–25. Katiba ya Wisconsin inampa gavana uwezo wa kufuta sehemu tu ya muswada wa fedha. Evers akafuta maneno machache, tarakimu kadhaa na kistari kimoja. Palipokuwa na 2024–25 pakabaki 2425. Nyongeza ya miaka miwili ikawa ya miaka 402. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo iliibariki kwa kura nne dhidi ya tatu.

Jimbo lilifikaje mahali ambapo fedha za watoto zinaokolewa kwa kistari? Na jimbo lenyewe ni hili hili ambalo watumishi wake walianzisha umoja wao mjini Madison mwaka 1932, umoja uliokua ukawa AFSCME, chama kikubwa cha watumishi wa umma nchini humo. Mwaka 1959 Gavana Gaylord Nelson alitia saini sheria ya kwanza ya jimbo lolote la Marekani kuwapa watumishi wa serikali za mitaa, walimu wakiwemo, haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Haki ya kugoma hawakupewa.

Pengo hilo liliwagharimu. Machi 1974 walimu wa mji mdogo wa Hortonville, waliokuwa wakifanya kazi bila mkataba, waligoma. Bodi ya shule ikawafukuza 84, na miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema bodi ilikuwa na mamlaka hayo. Uchungu wa Hortonville ulisaidia kuzaa sheria iliyoanza kutumika 1978: pande mbili zikishindwa kuelewana, msuluhishi angeamua, na uamuzi wake ungewafunga wote.

Mishahara ikapanda. Kodi ya majengo, inayobeba sehemu kubwa ya gharama za shule, nayo ikapanda, na wenye nyumba wakapiga kelele. Mwaka 1993 jimbo likajibu kwa mambo mawili mara moja. Liliweka kikomo cha mapato ya kila wilaya kwa kila mwanafunzi, kikipimwa kwa kiwango cha wakati huo. Na likasema bodi ikitoa nyongeza ya asilimia 3.8 ya mshahara na marupurupu kwa jumla, suala la malipo haliendi tena kwa msuluhishi.

Hapa ndipo ninapoona jeraha lenyewe, ingawa dunia inaukumbuka zaidi mwaka 2011. Wilaya iliyokuwa ikibana matumizi mwaka 1993, kwa umaskini au kwa uangalifu, ilibaki imebanwa kwa miongo, na jirani yake aliyekuwa na kipato akabaki juu. Mwalimu aliachiwa kiti chake kwenye meza ya mazungumzo, lakini fedha zilikuwa zimeshaondolewa mezani. Mwaka 2000, katika kesi ya Vincent dhidi ya Voight, Mahakama ya Juu ya jimbo ilitamka kwamba mtoto ana haki ya fursa sawa ya kupata elimu ya msingi iliyo bora, kisha ikauacha mfumo huo usimame.

Februari 2011 Gavana Scott Walker akaja kuchukua na kiti. Muswada wake, uliokuja kuitwa Act 10, uliruhusu majadiliano juu ya mshahara wa msingi tu, tena usipite mfumuko wa bei bila kura ya wananchi. Makato ya ada ya chama kwenye mshahara yalikatazwa. Kila mwaka chama kilitakiwa kupigiwa kura upya, kipate asilimia 51 ya wafanyakazi wote, hata wasiojitokeza. Polisi na zimamoto waliachwa nje.

Watu walijaa katika jengo la bunge, wakalala sakafuni usiku baada ya usiku. Watu wa nchi za mbali waliwaagizia piza kwa simu. Shule za Madison zilifungwa kwa siku kadhaa. Maseneta 14 wa chama cha Democratic walivuka mpaka kuingia Illinois, kwa kuwa muswada wa fedha ulihitaji akidi ya 20 na Republican walikuwa 19. Tarehe 9 Machi Republican wakavitoa vifungu vya fedha, wakapitisha vilivyobaki, na siku mbili baadaye Walker akasaini. Bajeti iliyofuata ilipunguza kikomo cha mapato ya shule kwa asilimia 5.5. Juni 2012 Walker alishinda kura ya kumwondoa. Evers alimshinda 2018.

Desemba 2024 jaji wa kaunti ya Dane alibatilisha sehemu kubwa ya Act 10. Rufaa ikakatwa, sheria ikaendelea kutumika.

Na zile dola 325? Kistari kiliipa wilaya ruhusa ya kukusanya. Hakikulilazimisha jimbo kutoa. Bajeti ya 2025 haikuongeza ruzuku ya jumla ya shule hata senti. Bili za kodi ya majengo Wisconsin hufika majumbani Desemba, na nyongeza hiyo imo humo, mji tajiri na mji maskini.