Kabla ya Kufungua Injini: Somo la Miaka ya Uhaba

Historia ya uchumi wa Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980 imeandikwa zaidi kutoka ofisini: bajeti, hotuba, na mivutano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Leo naomba tuitazame kutoka chini ya boneti ya gari kuukuu, kwa sababu huko ndiko mipango ya nchi ilikokutana na hali halisi.

Chukua Peugeot 504, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968. Mtangulizi wake, 404, alikwisha kujijengea heshima Afrika Mashariki kwa kushinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Ile 504 nayo ilishinda mwaka 1975 na 1978, na kwa miaka mingi iliunganishwa Mombasa. Likawa gari la ofisa, la daktari na la abiria wa safari ndefu.

Kisha uhaba ukaingia. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikafuata. Magari binafsi yalizuiwa kutembea alasiri za Jumapili ili kuokoa mafuta. Kila pistoni na kila beringi ilihitaji fedha za kigeni, na fedha hizo ziligawiwa kwa foleni ndefu iliyojumuisha dawa, mafuta na mashine za viwanda.

Katika hali hiyo, swali la fundi halikuwa dogo. Gari limepoteza nguvu, linachemka, linakunywa mafuta. Je, injini imekwisha, au majira yake yamepotoka? Dalili hufanana sana. Cheche ikichelewa, injini hulegea na kupata joto kupita kiasi. Ikiwahi, hugonga kwenye mlima. Kisigino cha platini kikilika, mwanya wake hupungua na cheche huchelewa kidogo kidogo, bila dereva kutambua siku tatizo lilipoanza. Cheni ya taimingi ikilegea, vali hufunguka na kufunga nje ya wakati wake.

Fundi makini hakukimbilia spana. Alizungusha injini kwa mkono, mbele na nyuma, akatazama ni umbali gani ingezunguka kabla rota ya distribyuta haijasogea. Pengo kubwa lilimwambia kwamba huenda cheni imelegea. Alipima mgandamizo wa kila silinda. Palipokuwa na udhaifu, alitia mafuta kidogo ya injini katika silinda na kupima tena. Mgandamizo ukipanda, ringi au silinda zimelika. Usipopanda, alizielekea vali au gasketi. Vipimo hivyo vya nusu saa viliweza kuokoa seti nzima ya spea za kuagizwa ng’ambo.

Hata ilipobidi kuijenga injini upya, uchaguzi ulibaki. Silinda za 504 ni mabomba yanayochomolewa kutoka katika bloku, na maji ya kupooza huyazunguka moja kwa moja. Fundi aliweza kubadilisha mabomba na pistoni zake bila mashine ya kuchonga, mradi seti ipatikane. Injini ya petroli ya Land Rover ya wakati huo haikuwa hivyo: silinda zake zilichongwa ndani ya bloku yenyewe, kwa hiyo zilipolika zilipanuliwa kwa mashine na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Gari la kwanza lilitegemea zaidi bandari, la pili lilitegemea pia karakana yenye mashine nzuri. Anayenunua magari ya umma hununua pia utegemezi wa aina fulani, ingawa jambo hilo halionekani katika hati ya zabuni.

Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Spea zikaanza kurudi madukani, na miaka iliyofuata ikaleta magari yaliyotumika kutoka Japani. Tulipata nafuu ya kweli, na hakuna sababu ya kuutamani uhaba. Lakini wingi ulileta mazoea mengine: kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine hadi tatizo liondoke, kwa gharama ya mwenye gari.

Mazoea hayo yameingia pia katika utawala. Taasisi ikilegea, tunaunda nyingine. Sera isipofanya kazi, tunaandika mpya kabla ya kuuliza kama ile ya zamani ilikosa muundo au ilikosa fedha kwa wakati wake. Fedha za mbegu zinazofika baada ya mvua ni cheche iliyochelewa. Kuvunja idara nzima hakutairekebisha.

Na wale waliojua kupima? Wengi walifanya kazi katika gereji bubu, bila cheti wala leseni, huku wakiyaweka barabarani magari ya nchi nzima. Kutambua ujuzi wao rasmi, na kuufundisha kabla hawajaondoka duniani, ni wajibu wa Serikali. Kabla ofisa hajatia saini ya kununua injini mpya au kupiga gari mnada, aulize swali moja: nani alipima, na alipata nini?